Zitan au Mpingo: Namna ya Kuipima Erhu Iliyokwishatumika

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa muziki,

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuitambua na kuikadiria bei erhu iliyokwishatumika, yaani zeze la Kichina la nyuzi mbili. Sitaeleza inavyopigwa, kwa kuwa wengi wenu mnayo nyumbani. Nitaanza na jambo ambalo nimelisema kila nilipopewa nafasi, na ambalo nitaendelea kulisema hadi wauzaji waache kulichezea, nalo ni jina la mti.

Igeuzeni erhu mchungulie kwa nyuma, kwenye dirisha la nakshi la sanduku la sauti. Mara nyingi mtaona kibandiko chenye jina la kiwanda. Kikisomeka Dunhuang, chombo kimetoka Shanghai, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1958, kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba ni cha enzi ya wafalme. Kikisomeka Huqiu, kimetoka Suzhou, mji ambao mafundi wake wamezoea sanduku la pembe sita. Hayo ni msaada mzuri katika kukisia umri na asili, na wauzaji huyaacha jinsi yalivyo. Kinachochezewa ni mstari unaotaja mbao, kwa sababu huo ndio unaopandisha bei.

Neno zitan huandikwa kwa herufi mbili za Kichina. Huo ni msandali mwekundu wa kusini mwa India, Pterocarpus santalinus, mti uliotumiwa kutengenezea samani za jumba la wafalme wa Qing, watawala wa China ya zamani. Neno ziguangtan huandikwa kwa herufi tatu: herufi mbili ni zilezile, na katikati yake imeingia moja yenye maana ya mwanga. Msomaji mwenye haraka hudhani ni aina ya zitan iliyong'aa zaidi. Sivyo hata kidogo. Ziguangtan ni Dalbergia melanoxylon, na Dalbergia melanoxylon ni mpingo. Herufi moja tu imekutoa India ikakuleta Kilwa na Lindi, na muuzaji akiidondosha kwa makusudi, mnunuzi analipia mti wa wafalme kwa chombo kilichotengenezwa kwa mti wa kwao.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa mwanafunzi China niliinunua erhu kuukuu kwa mtu ambaye sitamtaja. Kibandiko kilikuwa kimechakaa pale katikati ya jina la mbao, nami nikaamini kwamba ni uzee. Nililipa akiba yangu ya muhula mzima. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimerudi Dar es Salaam, kigingi kimoja cha kukazia nyuzi kikapasuka, nikaipeleka Mwenge kwa mzee mmoja wa Kimakonde anayechonga vinyago, nikamwomba anichongee kingine.

Alikipokea chombo, akakipima mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, huu mpingo umeutoa wapi?"

Nikamjibu kwamba haukuwa mpingo, bali ni mti wa India, na chombo kimetoka China.

Hakubishana nami. Alichukua kisu chenye ncha nyembamba, akakwangua kidogo ndani ya sanduku, mahali ambapo msasa na nta ya fundi havikufika, akaniwekea unga kiganjani. Ulikuwa mweusi wenye rangi ya zambarau kwa mbali. Kisha akanionyesha, kwenye ukingo wa ndani wa ubao mmoja, ufito mwembamba wa rangi ya majani makavu, ambao ni ile mbao changa inayouzunguka moyo wa mpingo, na ambayo mchongaji huiacha au huiondoa kulingana na kinyago anachokitaka. "Tangu sijaota ndevu nauchonga huu," akasema. "Kwa hiyo kigingi nikuchongee cha mpingo au cha India?"

Nilichongewa cha mpingo, na hadi leo kinashika nyuzi vizuri kuliko vile vya asili.

Msinielewe vibaya. Sidharau mpingo, na atakayesema kwamba erhu ya mpingo ni duni hajawahi kuisikiliza. Klarineti na obo bora za Ulaya hutengenezwa kwa mti huohuo, na mti huo huhitaji kama miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kukatwa. Ninachokataa ni kuuvisha jina lisilo lake ili bei iruke, na ninakikataa mara mbili, kwa sababu mti unaotoka katika misitu yetu unafutwa jina katika kibandiko kana kwamba ni aibu kuutaja.

Najua kuna mtu ameshaliandaa swali: si ukitumbukize kipande majini uone kama kitazama? Ndugu yangu, zitan huzama na mpingo huzama. Jaribio hilo litakuondolea mbao nyepesi iliyopakwa rangi, lakini kati ya hiyo miwili halikuambii lolote. Mwingine atasema: lowesha pamba kwa spiriti, usugue mahali pasipoonekana, ikitoka nyekundu ni zitan. Hapo umekaribia, kwa maana moyo wa zitan una rangi nyekundu inayoyeyuka katika spiriti, na mpingo hauitoi hivyo. Lakini mbao ya bei ndogo iliyotiwa rangi ya dukani nayo itatoka nyekundu. Tena upo mkurungu wa Tanzania, ambao Zambia huitwa mukula na ambao katika soko la China hujulikana kwa jina la xuetan, yaani msandali wa damu. Huo ni wa jenasi moja na zitan na huchafua pamba kwa wekundu vilevile, kwa hiyo nao huuzwa kwa jina la zitan. Jaribio moja halitoshi. Tazama rangi ya unga, tazama vinyweleo vya mbao mahali ilipokatwa kwa upana, tafuta mbao changa ndani ya sanduku, kisha umwonyeshe fundi aliyeushika mti huo maisha yake yote.

Na neno hongmu? Hilo si jina la mti mmoja. Ni jina la kundi, na kiwango cha taifa cha China cha mwaka 2000 kiliorodhesha ndani yake spishi 33, kikarekebishwa mwaka 2017 zikabaki 29. Mpingo ni mojawapo. Anayekuuzia "hongmu" bila kuongeza neno amekuuzia orodha.

Hapa sharti niondoe wazo moja linalowaponza watu wengi. Mwaka 2010, Beijing, chombo cha kale cha nyuzi kiliuzwa mnadani kwa zaidi ya yuani milioni 136, na tangu siku hiyo kila mwenye chombo cha Kichina darini anaamini ametajirika. Chombo kile kilikuwa guqin: nyuzi saba, ubao uliopakwa laka tabaka juu ya tabaka, maandishi ya mfalme yaliyochongwa mgongoni. Laka ya guqin hupasuka kwa mistari inayothaminiwa kadiri karne zinavyopita. Erhu haina laka ya namna hiyo. Sauti yake inatoka katika ngozi ya chatu, na ngozi huzeeka, hulegea, hufa. Erhu ya miaka 60 yenye ngozi iliyokufa ni mbao nzuri inayosubiri gharama ya ngozi mpya, na gharama hiyo ni lazima uitoe katika bei kabla hujakubaliana na mtu.

Kwa hiyo itazameni ngozi. Magamba yawe makubwa na yaliyopangika sawasawa; ngozi ya karibu na mkia ndiyo nene na ndiyo ghali. Kiondoeni kile kijiti kinachoinua nyuzi, ambacho Wachina hukiita farasi, muangalie kama mahali pake pamebonyea. Pakibaki shimo, ngozi imechoka. Gongeni kwa kidole: ngozi hai hujibu, ngozi iliyolegea hunyamaza au huvuma ovyo. Angalieni kingo, ambako gundi huachia kwanza.

Naona nimeonyeshwa saa, kwa hiyo upinde na vigingi nitaviacha. Jambo la hati siliachi. Chatu wa ngozi hizo yumo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuivusha mpaka erhu uliyoinunua nje huweza kuhitaji kibali. Tangu mwaka 2005 China hutaka erhu za ngozi ya chatu ziwe na cheti kinachoonyesha kwamba ngozi ni ya chatu wa kufugwa. Muulizeni muuzaji kilipo. Mpingo wenyewe umo katika orodha hiyohiyo tangu mwaka 2017, lakini ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo mwishoni mwa mwaka 2019, kwa hiyo forodha watakachokuuliza ni ngozi.

Erhu ile iko hapa mezani. Nitaomba taa za ukumbini zizimwe, ibaki tochi hii niliyoilaza pembeni mwa ngozi, maana mwanga wa kutoka juu hulificha shimo la farasi. Karibuni watano watano. Mkishaitazama ngozi, chungulieni ndani ya sanduku upande wa kushoto, mtauona ule ufito wa rangi ya majani makavu.