Mlangoni Pawe na Pa Kukaa

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za jioni. Wanaonijua wanajua naanzia wapi: pa kukaa mlangoni.

Tazameni nyumba za kale za Lamu. Kabla hujaingia kuna daka, yaani kipenu cha mbele ya mlango, lina mabaraza ya mawe kulia na kushoto. Mgeni anapiga hodi, anakaa, anavua viatu ameketi. Mwenye neno fupi analimaliza hapo hapo, anakwenda zake. Ukivuka mlango, njia inapinda, mpita njia asione kiwanda, yaani ua wa ndani, wala walio ndani. Watu wanapiga picha nakshi za mlango, mabaraza hawayatazami! Mimi nasema akili ya mlango ule iko kwenye mabaraza.

Nyumba zetu za leo je? Unafungua mlango, mguu uko sebuleni. Juzi nimemwona bibi mmoja amesimama kwa jirani: mkono mmoja kashika grili, wa pili unahangaika na mkanda wa kiatu, mguu uko juu, na chini malapa ya watoto yametapakaa. Wenyeji wanamwambia, "Ingia navyo tu, bibi." Haingii navyo! Ametoka navyo sokoni, atakanyagaje mkeka wa watu? Akabaki pale anahema. Inaniuma, kwa sababu dawa yake ni benchi tu. Seremala yeyote wa mtaani atakupigia: kimo sentimita 45, mtu mzima akae na kuinuka bila taabu, na chini uwazi wa viatu. Viatu vinavyovaliwa wiki hii, basi. Vya harusini vikae chumbani.

Mtaniambia, "Sisi tumepanga chumba kimoja, korido ni ya wote." Sawa, kigoda kinaenea nyuma ya mlango. Ila usiniambie huna nafasi wakati mlangoni kwako pana jenereta bovu na ndoo za rangi iliyokauka tangu nyumba ilipopakwa!

Muda unaniishia. Funguo zitundikwe mbali na dirisha. Mwizi hupitisha mti wenye ndoano kwenye nondo akazivuta. Mwavuli uliolowa, ndoo. Mabegi ya shule, misumari ya kimo cha mtoto, si chako wewe. Taa ya mlangoni nilitaka kuisema kwa kirefu, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Mama wa nyuma pale, umenyoosha mkono tangu niliposema viatu vya harusini, anza wewe.