Juliet Alibaki na Nani? Mhadhara wa Kwanza Kuhusu Romeo na Juliet

Vijana wangu, hamjambo. Walio nyuma sogeeni, viti bado vipo huku mbele.

Vitabu vifungeni kwanza. Najua jina la Romeo mmelisikia kabla hamjaona hata ukurasa mmoja wa tamthilia hii. Mtaani kijana akizidisha kupenda anaitwa Romeo, basi mmekuja mkitarajia hadithi tamu ya mapenzi. Utamu upo, sikatai. Lakini William Shakespeare anatupa mwisho mapema kabisa. Kabla ya mhusika yeyote kutokea, anasimama msemaji jukwaani, anasoma soneti, yaani shairi la mistari 14, na humo anatangaza kwamba watoto wa koo mbili zinazochukiana katika mji wa Verona, Italia, watapendana na watakufa, na kwamba vifo vyao ndivyo vitakavyozika ugomvi wa wazazi wao. Kwa hiyo tangu mwanzo hatuna la kubahatisha. Tunachotazama ni jinsi walivyofika huko, na ni nani alikuwepo njiani akaweza kuwashika mkono.

Kisa chenyewe ni cha zamani kuliko Shakespeare. Waitaliano walikuwa wameshakisimulia, na mwaka 1562 Mwingereza Arthur Brooke akakiandika kwa mashairi marefu. Shakespeare akakichukua, miaka ya 1590, na angalieni alivyokifinya. Kwa Brooke mambo yanakwenda miezi. Kwa Shakespeare, Jumapili usiku wanakutana kwenye karamu, Jumatatu mchana wanaoana kwa siri, na Alhamisi alfajiri wote wawili ni maiti. Halafu akaupunguza umri wa msichana. Juliet wa Brooke ana miaka 16. Huyu wa kwetu hajafikisha 14.

Umri huo tunaambiwa na Yaya, na hapa nataka tutulie kidogo. Mama yake Juliet anataka kuzungumzia posa ya Paris, bwana mwenye cheo, jamaa wa Mtawala wa mji. Yaya anadakia. Anahesabu miaka ya mtoto kama wanavyohesabu bibi zetu, kwa matukio: mwaka wa tetemeko la ardhi, siku aliyomwachisha ziwa. Alikaa juani chini ya ukuta wa banda la njiwa, akapaka pakanga kwenye chuchu, mtoto akaonja uchungu, akaghadhibika. Mama zetu hupaka shubiri au mwarobaini kwa kazi hiyohiyo. Na katikati ya maneno yake mengi, Yaya anapitisha sentensi moja tu: alikuwa na binti yake, Susan, umri mmoja na Juliet, na Susan yuko kwa Mungu. Basi. Anaendelea kuchekesha. Lakini sisi tumeshaelewa maziwa yale yalikuwa ya nani. Mtu wa kwanza kumlea Juliet ni mwanamke aliyefiwa na mtoto wake. Lishikeni hilo, tutalihitaji.

Ya katikati nitayapitia mbio, mtayasoma wenyewe. Romeo na Juliet wanafungishwa ndoa na Padri Laurence. Saa moja hivi baadaye Tybalt, binamu yake Juliet, anamuua Mercutio, rafiki yake Romeo, na upanga unapita chini ya mkono wa Romeo aliyejitosa kuamulia. Mercutio anakufa akizilaani nyumba zote mbili. Romeo anamuua Tybalt, anafukuzwa mji, anakimbilia mji wa Mantua.

Kila mwaka nikiuliza kilichowaua vijana hawa ni nini, jibu huwa moja: barua, Mwalimu. Barua ya Padri Laurence, ya kumwambia Romeo kwamba Juliet amelazwa tu na dawa na hajafa, haikufika Mantua. Kweli haikufika. Padri mwenzake aliyeibeba alifungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Watazamaji wa London hawakuhitaji maelezo, kwani tauni ilikuwa imefunga majumba yao ya michezo kwa muda mrefu kati ya 1592 na 1594. Lakini mimi nawauliza swali la nyuma yake: mtoto wa miaka 13 alifikaje mahali pa kunywa dawa ya kumfanya aonekane maiti na kulazwa kaburini, karibu na Tybalt ambaye damu yake haijakauka?

Jibu liko Sehemu ya Tatu, Onyesho la Tano. Chumba kimoja, asubuhi moja. Romeo ametoka kushuka kwa ngazi ya kamba. Mama anaingia na habari: Alhamisi unaolewa na Paris. Juliet anakataa. Baba anaingia, anamwambia ama aende kanisani ama amburute, akikataa akaombe, afe njaa, afe barabarani. Baba anatoka. Juliet anamgeukia mama, anamsihi aahirishe hata kwa mwezi, hata kwa wiki. Mama anasema usiongee nami, nimemalizana nawe. Anatoka.

Amebaki Yaya. Juliet anamwomba neno moja tu la faraja. Na Yaya huyu, aliyepeleka ujumbe wake kwa Romeo, aliyeileta ngazi ile ya kamba, anasema: olewa na Paris, Romeo ni tambara la vyombo mbele yake. Sidhani Yaya ni mwovu. Ameshazika mtoto mmoja, na naamini anaogopa kuzika wa pili, kwa hiyo anampa njia ya kubaki hai. Ila Juliet anachosikia ni mlango wa mwisho ukifungwa. Anamuuliza kama hayo yanatoka moyoni. Yaya anajibu, na rohoni pia. Juliet anasema neno moja: Amina. Yaya haelewi, anauliza, nini?

Tangu hapo Juliet hamwambii tena Yaya siri yoyote. Anaaga kwamba anakwenda kuungama kwa Padri, na anatoka peke yake.

Sasa fungueni vitabu. Nahitaji wawili wasimame hapa mbele, mmoja Yaya, mmoja Juliet, tuanzie pale mama anapotoka. Wewe wa Juliet, ukifika kwenye Amina usiharakishe. Na usipaze sauti.