Gun, Go, Pa: Mikono ya Babatunde Olatunji

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, hamjambo.

Kabla ya santuri, naomba mikono yenu. Tumieni meza zilizo mbele yenu kama ngoma. Kiganja katikati ya ngozi, kizito: gun. Vidole ukingoni, sauti iruke: go. Kofi kali hapo hapo ukingoni: pa. Ukipiga kwa mkono wa kushoto majina hubadilika: dun, do, ta. Tena! Ndivyo Babatunde Olatunji alivyofundisha ngoma Marekani: kinywa hutangulia, mkono hufuata.

Alizaliwa mwaka 1927 Ajido, karibu na Badagry, Nigeria. Mwaka 1950 alifika Atlanta kusoma katika chuo cha Morehouse, akitamani kuwa mwanadiplomasia. Ngoma ikamteka. Albamu yake, Drums of Passion, ilitolewa na kampuni ya santuri ya Columbia mwaka 1960.

Hapa naomba tutue kidogo. Watu huiita albamu ya ngoma za jadi. Lakini ilirekodiwa New York, na wapigaji wenzake hawakutoka Nigeria. Walikuwa Wamarekani weusi na watu wa Karibi. Wimbo wa Akiwowo uliomo humo, wenyewe unamwimba mtu wa garimoshi! Wapo wanaosema basi si jadi. Mimi nakataa. Beni letu la pwani liliiga bendi za gwaride za wakoloni, na hakuna bibi wa Lamu wala Tanga aliyesita kuliita ngoma. Ninachosikiliza ni kuitana na kuitikiana: Olatunji anatoa sauti, wanawake wanaipokea, ngoma kubwa inajibu chini yao. Hicho hakikupotea baharini.

Jin-Go-Lo-Ba, wimbo mwingine wa albamu hii, mnaijua, huenda kwa gitaa la Santana, mwanamuziki wa roki, 1969. Miaka mitano kabla yake, mwimbaji Serge Gainsbourg wa Ufaransa alichukua nyimbo za albamu hii akazitia maneno yake bila kumtaja mwenyewe. Hilo bado linaniuma.

John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi, yeye alikuja kwa heshima. Aliandika kipande akakiita Tunji, akachangia kituo cha utamaduni wa Kiafrika alichofungua Olatunji Harlem, mtaa wa New York, na tarehe 23 Aprili 1967 akapiga humo, tayari mgonjwa. Julai akafariki.

Sasa naweka Akiwowo. Mikono mezani. Sauti ya kwanza ikiita, msiiache peke yake.