Unanunua Kampuni au Unanunua Mali Zake? Jinsi VAT Inavyokaa, Hatua kwa Hatua

Habari zenu wadau, karibuni tena, hii video nimeifanya kwa ajili ya nyie wafanyabiashara wa Kigoma mliofika ile hatua ya kampuni moja kununua kampuni nyingine, maana siku hizi naona inatokea sana hapa Mwanga na Ujiji, watu wanakubaliana bei vizuri kabisa wanapeana mikono halafu VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, inakuja kukumbukwa wakati hela imeshatoka benki. Chukua kalamu na karatasi, tutapiga hesabu pamoja.

Tuanze na mfano, ni wa kutunga ila ndo hali halisi. Kuna kampuni inatengeneza sabuni za mawese pale Ujiji, ina mashine za milioni 120, jengo la kiwanda milioni 80, fuso milioni 60 na mzigo stoo wa milioni 40. Jumla milioni 300. Wewe una kampuni yako ya jumla pale Mwanga, umesajiliwa VAT, una VRN yako, yaani namba ya usajili wa VAT, na unaitaka hiyo biashara.

Hatua ya kwanza, kabla hata hujamuita mwanasheria, amua unanunua nini. Hapa ndo pana uzito wote jamani. Njia zipo tatu. Unaweza kununua hisa kutoka kwa wenye kampuni, unaweza kununua biashara nzima ikiwa inatembea, au unaweza kuokota mali moja moja, mashine hii, fuso hili, mzigo ule. Kiwanda ni kilekile na sabuni ni zilezile, lakini VAT inasoma kilichoandikwa kwenye mkataba, haiangalii mlikuwa mnamaanisha nini.

Sasa ukichukua njia ya hisa, mauzo ya hisa hayana VAT. Watu wengi wakisikia hivo wanaruka kwa furaha, tulia kwanza. Ukinunua hisa umeichukua kampuni na kila kitu chake, na madeni yake ya kodi yanabaki ndani yake, ritani, yaani taarifa za kodi, ambazo hazikupelekwa TRA, risiti ambazo hazikutolewa, zote sasa zipo kwenye nyumba yako. Na kodi nyingine zipo palepale, kuna ushuru wa stempu 1% kwenye kuhamisha hisa, muuzaji ana kodi ya mapato kwenye faida aliyopata, na umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya nusu sheria ya kodi ya mapato ina mambo yake pia, hilo mkae na mhasibu. Kwa hiyo kabla ya kusaini omba ritani za VAT za nyuma, zilinganishe na ripoti za EFD, ile mashine ya risiti, na hela iliyoingia benki, mwezi kwa mwezi. Zikipishana, simama hapo hapo uulize. Na muuzaji naye ajue kwamba VAT anayolipa kwa mwanasheria kwa kazi ya kuuza hizo hisa hawezi kuidai, kwa sababu mauzo yenyewe yana msamaha.

Njia ya pili, biashara nzima inayotembea. Hapa unachukua vyote vinavyohitajika ili kesho asubuhi mashine ziwashwe na sabuni zitoke, yaani mashine, jengo, mzigo, wateja, mikataba, na wewe mnunuzi umesajiliwa VAT. Ikikaa hivyo, sheria haihesabu kama mauzo ya kutozwa VAT, ile 18% haiwekwi. Lakini mnakosea wapi, muuzaji anabakiza mashine kuu ile moja kwa ajili ya mdogo wake, au mkataba unaorodhesha vitu tu bila kusema biashara inahamishwa ikiwa inaendelea, hapo mmejitoa wenyewe kwenye huo mlango. Ushauri wangu, andikeni wazi kwenye mkataba, na pelekeni barua ofisi ya TRA mkoa mapema pande zote mbili zikiwa zimesaini, msisubiri ukaguzi ndo muanze kujieleza.

Njia ya tatu, mali moja moja, hapa VAT ipo, 18% bara. Sasa angalia hesabu taratibu. Milioni 300 mara 18% ni milioni 54, kwa hiyo mnunuzi anatoa milioni 354. Lakini kama mkataba umeandika milioni 300 basi, bila kutaja VAT, bei inachukuliwa kwamba VAT imo ndani, unazidisha kwa 18 unagawa kwa 118, inatoka shilingi 45,762,712, muuzaji anabaki na 254,237,288. Muuzaji kapoteza milioni 45 na ushee kwa sababu ya maneno mawili matatu ambayo hayakuandikwa! Naomba kila mkataba uwe na sentensi inayosema bei ni pamoja na VAT au VAT itaongezwa juu, basi.

Usipige 18% kwa kila kitu bila kuangalia jedwali la misamaha lakini. Kiwanja kitupu kina msamaha, jengo la kiwanda halina. Baadhi ya zana za uvuvi nazo zimo kwenye msamaha, kwa hiyo wenzetu wa Kibirizi mnaouziana vifaa vya dagaa mpitie hiyo orodha kwanza.

Hatua inayofuata ni kuidai hiyo milioni 54 uliyolipa, yaani kuikata kwenye VAT unayotakiwa kupeleka TRA. Lazima uwe na risiti ya EFD yenye jina la kampuni yako, TIN na VRN sahihi, na uidai ndani ya miezi 6, ikipita imepita. Unaiweka kwenye ritani ya mwezi, inayopelekwa kabla au tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tuseme mauzo yako ya mwezi huo yana VAT ya milioni 9, unatoa 9 kwenye 54, inabaki milioni 45 inabebwa kwenda miezi ya mbele. Hela yako ipo ila haipo mkononi, na mishahara inadai, kwa hiyo mkopo wa benki upangwe kabla na hiyo VAT iwe ndani ya hesabu.

Na hapa Kigoma ni kali zaidi, maana wengi mnauza Bujumbura na Kalemie. Mauzo ya nje ni 0%, hukusanyi VAT kwa mteja, kwa hiyo hakuna cha kutoa kwenye ile 54, inakaa tu mpaka uombe marejesho. Marejesho yanataka ushahidi kwamba mzigo umevuka kweli, nyaraka za forodha, za usafirishaji ziwani, na malipo. Boti ikiondoka bandarini bila karatasi zako za forodha kukamilika, kwenye ukaguzi yale mauzo yanaweza kuhesabiwa ya ndani na 18% ukailipa wewe mfukoni.

Kama una mkataba unaouandaa sasa hivi, fungua ukurasa wa bei, soma kama VAT imetajwa, halafu andika kwenye komenti umechukua njia gani kati ya hizo tatu, ntajibu moja moja.