Picha Inapita Wapi? Kuunganisha skrini za simu, kishikwambi na laptopu darasani

Mhadhara kwa walimu wa sekondari, Iringa mjini

Kamwene! Kamwene tena, maana wale wa nyuma hamjaitikia. Shikamooni walimu wangu mlionitangulia kazini, na wengine wote habari za asubuhi. Najua waliotoka Pawaga na Idodi wameamka usiku, na waliotoka Kilolo wamekuja na baridi yao. Karibuni sana.

Kila ninapozungumza na walimu juu ya kuunganisha skrini, swali la kwanza huwa ni hili: "Inakula bando kiasi gani?" Ni swali la haki, kwa sababu bando linatoka mfukoni mwa mwalimu. Lakini kuna swali linalotangulia hilo: picha inatoka wapi, inapita wapi, na inafika wapi? Mwenye jibu la swali hili atajua gharama, atajua kwa nini picha inakwamakwama, na atajua nani mwingine anaweza kuiona. Leo nitalishikilia swali hilo tu.

Tuanze na kebo, kwa sababu wengi wenu mnayo na hamjaitumia hata nusu yake. Ukishachomeka projekta kwenye laptopu kwa HDMI, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Yatatokea machaguo manne. Karibu wote tunabaki na lile la kuakisi, yaani wanafunzi wanaona kila unachoona wewe, pamoja na meseji za nyumbani na faili la majibu ya mtihani. Chagua la kupanua. Hapo projekta inakuwa skrini ya pili, iliyo upande wa kulia wa skrini yako. Unakokota dirisha la somo kwa mausi mpaka livuke ukingo, linatokea ukutani, na laptopu inabaki na maandalio yako na orodha ya majina. Hakuna programu ya kupakua hapo, na hakuna hata senti.

Sasa tuondoe kebo, maana hapo ndipo ugumu unapoanza. Skrini ya kawaida ya leo ina pikseli, yaani vidoti vya rangi vinavyounda picha, 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 2. Kila pikseli inahitaji biti 24 za rangi, na picha inabadilishwa mara 60 kwa sekunde. Zidisheni wenyewe: ni karibu gigabiti 3 kila sekunde. Kebo ya HDMI inazibeba bila taabu. Wi-Fi ya simu yako haiwezi hata kidogo.

Kwa hiyo programu zote za kurusha skrini zinafanya kazi moja kubwa, nayo ni kubana picha iwe nyepesi. Njia iliyoenea zaidi ni kiwango cha H.264, kilichotoka mwaka 2003. Hakitumi skrini nzima kila mara. Kinatuma picha kamili mara mojamoja, halafu kinatuma tofauti tu: nini kimesogea, nini kimebadilika. Ukurasa wa maandishi uliotulia unabadilika kidogo sana, kwa hiyo unapita kwa megabiti chache au pungufu. Ukiwasha video ya mpira, kila kitu kinasogea, na mzigo unapanda hapohapo. Ndiyo maana somo la jiografia lenye ramani iliyotulia linakwenda vizuri, kisha ukifungua video ya volkano picha inaanza kukatika. Kifaa hakijaharibika. Punguza ukubwa wa picha, au sogeza vifaa karibu, au hamia masafa ya gigahezi 5 kama vyote viwili vinayo, kwa sababu yale ya 2.4 yamejaa simu za jengo zima.

Narudi kwenye bando. Wengi wetu tumejifunza Wi-Fi na intaneti siku moja, kwa hiyo tunadhani ni kitu kimoja. Wi-Fi ni redio kati ya vifaa vilivyo karibu. Chukua simu yako, zima data, washa hotspoti. Unganisha laptopu na kishikwambi kwenye hotspoti hiyo. Sasa una mtandao kamili ndani ya darasa, na hakuna kinachotoka nje. Angalia anwani ya laptopu kwenye mtandao huo, mara nyingi itaanza na 192.168 au 10. Namba hizo zimetengwa kwa mitandao ya ndani, na ruta za intaneti hazizipitishi. Picha yako inatoka kwenye laptopu, inapita kwenye simu, inafika kwenye kishikwambi, basi. Bando lako halijaguswa.

Hivi vishikwambi, ndugu zangu, vinaniuma. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 serikali ilivigawa kwa walimu, na vingi leo vimelala kwenye kabati au vinaangalia sinema za watoto. Hiki ni kioo chenye betri yake na Wi-Fi yake. Kuna programu inaitwa spacedesk. Unaweka sehemu moja kwenye laptopu ya Windows na sehemu nyingine kwenye kishikwambi, vyote viwili vikiwa kwenye hotspoti moja, na kishikwambi kinakuwa skrini ya pili ya laptopu. Windows ikiuliza kama programu iruhusiwe kupita kwenye mtandao, ruhusu, maana hapo ndipo wengi wanapokwama: vifaa havionani, kumbe ukuta wa usalama wa Windows umefunga njia. Bando utalihitaji siku ya kupakua tu.

Fikirieni kazi ya kujaza alama. Kushoto una Excel, safu za majina na masomo. Kulia, kwenye kishikwambi kilichoegemezwa kwenye rundo la madaftari, una karatasi za alama zilizopigwa picha, na unazisogeza kwa kidole huku mkono mwingine ukiandika. Huruki kutoka dirisha moja kwenda jingine, kwa hiyo alama ya Neema haiendi kwa Nehemia. Kwa mwalimu mwenye mikondo minne hiyo ni nafuu kubwa.

Umeme ukikatika, projekta inazimika, lakini laptopu, simu na vishikwambi vinaendelea. Deskreen, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi, inakuruhusu kurusha skrini ya laptopu kwenye kivinjari cha kifaa kingine chochote kilicho kwenye mtandao huohuo. Kifaa kinasoma msimbo wa QR, kinafungua ukurasa, kinaona skrini yako. Kila kundi la wanafunzi likiwa na kishikwambi kimoja, somo halisimami. Lakini kumbuka kwamba kila kifaa kinachotazama kinapokea nakala yake, na zote zinapita kwenye hotspoti ileile. Anza na viwili au vitatu, uone inavyobeba.

Programu ninayoipenda kuliko zote inaitwa scrcpy. Ilitolewa mwaka 2018 na kampuni ya Genymobile ya Ufaransa, na ni ya bure kabisa. Inaleta skrini ya simu ya Android kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, na picha inafika haraka kiasi kwamba jicho halioni kuchelewa. Kwenye simu huweki chochote. Unakwenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, unagusa nambari ya muundo mara 7 mpaka simu ikuambie sasa wewe ni msanidi programu, halafu unawasha utatuzi wa USB (USB debugging), yaani ruhusa ya kompyuta kuiendesha simu kupitia kebo. Unachomeka kebo, simu inauliza kama unaiamini kompyuta hii, unakubali. Ikiwa laptopu ni ya zamani na inahema, ianzishe kwa kuandika scrcpy -m1024 kwenye dirisha la amri, itapunguza ukubwa wa picha. Ukimaliza somo, zima utatuzi wa USB. Usiuache wazi hata siku moja.

Naipenda kwa sababu ya maabara. Shule ina hadubini moja, darasa lina wanafunzi sitini. Foleni inapangwa, kila mmoja anachungulia sekunde chache, na nusu yao wanaona kope zao wenyewe. Sasa weka ngozi nyembamba ya kitunguu kwenye kioo, dondosha ayodini, lenga. Halafu shika simu ili kamera yake ikae juu kabisa ya lenzi ya kuchungulia. Sogeza taratibu, kwanza utaona giza, kisha duara dogo la mwanga, kisha duara litajaa. Kwa scrcpy duara hilo liko kwenye laptopu, na kutoka laptopu liko ukutani. Kuta za seli zimepangana, kiini kimeshika rangi, na mwalimu ananyoosha kidole: "Hiki hapa." Sitini wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja, na anayeuliza anauliza juu ya kile ambacho wote wanakiona.

Runinga nitazipitia haraka. Miracast, iliyoanza mwaka 2012, inaunganisha simu au laptopu na runinga moja kwa moja, bila ruta. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na K. Chromecast ya Google ilikuja mwaka 2013, na ukirusha video kutoka YouTube, simu inaiambia runinga mahali ilipo, na runinga yenyewe inaifuata kwenye intaneti. Hapo bando linaliwa, na ni la mtandao ambao runinga imeunganishwa. Apple wana AirPlay yao, na iPhone haiongei na Miracast.

Njia ya mwisho ni ile inayotoka nje ya chumba, ya kumwonyesha skrini mtu aliye mbali: TeamViewer na AnyDesk, ambazo zinamruhusu hata kuiendesha kompyuta yako, na tangu mwaka 2023 hata simu ya video ya WhatsApp. Wazo hili si geni. Tarehe 9 Desemba 1968, mtafiti wa kompyuta wa Marekani, Douglas Engelbart, alisimama San Francisco akafanya kazi kwenye skrini moja na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, karibu kilomita 50. Ni msaada mkubwa. Fundi aliye Dodoma anaweza kutengeneza kompyuta ya shule iliyoko Ismani.

Lakini hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa wazazi wetu. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wana mbinu nyingine. Anakupigia, anajiita mtu wa huduma kwa wateja, anakuelekeza uweke programu ya kushiriki skrini "ili akusaidie". Unamsomea namba iliyotokea, unabonyeza kukubali. Kuanzia hapo kila meseji ya uthibitisho inayoingia anaisoma pamoja nawe. Programu nyingi za benki huifanya skrini iwe nyeusi inaporushwa, lakini meseji za kawaida hazina kinga hiyo. Mtu uliyeanza kumpigia wewe, unayemjua, mpe. Aliyekupigia yeye, kata simu.

Na sisi wenyewe tuwalinde wanafunzi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na matokeo ya mtoto na ugonjwa wa mtoto ni taarifa zake. Kabla ya kurusha skrini, funga meseji, washa hali ya usinisumbue, na rusha dirisha moja badala ya skrini nzima pale programu inaporuhusu.

Mwalimu pale dirishani ananyoosha mkono. Anauliza kama hotspoti ya simu moja itabeba darasa lake lote. Hapana, mama. Simu nyingi zinaweka kikomo cha vifaa vinavyounganishwa, na hata kabla ya kikomo picha itaanza kukwama. Kama shule ina ruta ya zamani iliyotupwa stoo, itoe, ichomeke kwenye umeme, iache bila laini yoyote ya intaneti. Itafanya kazi hii vizuri kuliko simu. Nimeleta moja hapa mezani. Toeni vishikwambi, jina la mtandao nimeandika ubaoni, na tuone vingapi vitaingia.