Viungo Vinavyokatika: Haipateksti Ilikotoka na Inakoelekea

Habari za jioni, na asanteni kwa kufika licha ya mvua.

Desemba 1991 wataalamu wa haipateksti walikutana San Antonio, Texas. Haipateksti, kwa asiyeizoea, ni maandishi yenye viungo: unabofya neno, unapelekwa kwenye maandishi mengine. Tim Berners-Lee na Robert Cailliau, wote wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, walikuwa wametuma andiko kuhusu kitu walichokiita World Wide Web, yaani wavuti tunayoitumia leo. Likakataliwa. Wakaruhusiwa meza ya maonyesho tu, na kwa kuwa hotelini hapakuwa na intaneti, ikabidi uvutwe waya wa simu ili kompyuta yao ipate mawasiliano. Watu wakapita, wakatazama, wengi hawakuona cha ajabu.

Ni rahisi kuwacheka waliolikataa andiko lile. Mimi siwacheki. Kwa vipimo vya taaluma yao walikuwa sahihi, na nikiweza kuwaonyesha kwa nini walikuwa sahihi na bado wakashindwa, nitakuwa nimeeleza sehemu kubwa ya yanayotusumbua mtandaoni leo.

Turudi nyuma. Julai 1945, Vannevar Bush, mhandisi aliyesimamia utafiti wa kisayansi wa Marekani wakati wa vita, alichapisha makala katika jarida la The Atlantic. Alibuni, kwenye karatasi tu, dawati aliloliita Memex: ndani mna mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo sana za kurasa, za vitabu, barua na kumbukumbu za mwenye dawati, juu pana vioo vya kusomea. Mfano wake ni wa mtu anayechunguza kwa nini upinde mfupi wa Waturuki uliushinda ule mrefu wa Waingereza katika Vita vya Msalaba. Mtu huyo anaunganisha kurasa moja baada ya nyingine, anachomeka maelezo yake katikati. Miaka inapita. Siku moja anazungumza na rafiki, anabonyeza vitufe, mfululizo wote unatokea, anatoa nakala na kumpa rafiki aiingize kwenye Memex yake. Angalieni vizuri: rafiki hapewi anwani ya kwenda kutafuta, anapewa kitu chenyewe. Kwenye dawati la Bush kiungo hakikatiki.

Kijana mmoja wa jeshi la majini, Douglas Engelbart, aliisoma makala hiyo akiwa Ufilipino. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, kwa muda wa kama dakika 90, aliwaonyesha watu kipanya, viungo vya kubofya, na hati moja ikifanyiwa kazi na watu walio mbalimbali. Onyesho hilo limesimuliwa sana, sitalirudia.

Anayestahili muda wetu ni Ted Nelson. Ndiye aliyelitunga jina hypertext, likachapishwa mwaka 1965. Mradi wake, Xanadu, aliuanza mwaka 1960 akiwa mwanafunzi, na madai yake yalikuwa makubwa. Kiungo kionekane pande zote mbili, yaani ukiunganisha ukurasa wako na wangu, mimi nami nikione. Nukuu isitengane na ilikotoka. Na kila kipande kikisomwa, mwenyewe alipwe senti zake, hata kama kimenukuliwa ndani ya kazi ya mtu mwingine. Kampuni ya Autodesk iliufadhili mradi kuanzia 1988, ikajitoa 1992. Toleo ambalo umma ungeweza kulifungua na kulitazama lilitoka 2014. Mtu ana haki ya kutabasamu.

Lakini Nelson hakuwa peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Southampton, Wendy Hall na wenzake walijenga mfumo uitwao Microcosm, uliohifadhi viungo mahali pake, mbali na hati zenyewe. Ukihamisha hati, unarekebisha daftari la viungo, basi. Kwa macho ya watu waliokuwa na mifumo ya namna hiyo, kazi ya Berners-Lee ilikuwa ya kizembe. Kiungo kinakwenda upande mmoja. Kimezikwa ndani ya ukurasa. Ukurasa wa pili ukifutwa, wa kwanza haujui. Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishahama, nawe hukuambiwa.

Sasa ulizeni: ili kiungo kionekane pande zote mbili, ni nani ashike daftari? Lazima awepo mtu, au mfumo mmoja, unaojua kila hati na kila kiungo. Ndani ya chuo kimoja hilo linawezekana. Duniani kote, anayeshika daftari ndiye anayeshika mlango. Atakusajili au atakukatalia, atakutoza akitaka. Berners-Lee aliliacha daftari. Yeyote mwenye seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa kwa wengine, aliweza kuunganisha na yeyote bila kubisha hodi, na gharama yake ni kwamba viungo vingekatika. Ule ujumbe wa 404 unaotuudhi, wa kwamba ukurasa haupatikani, ndio bei ya kutokuwa na bwana.

Kulikuwa na mshindani, Gopher, mfumo wa kufungua hati za mtandaoni kwa kuchagua kwenye orodha, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, uliokuwa ukipendwa kuliko wavuti. Mapema 1993 chuo hicho kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva zake watalipia leseni. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo CERN ikaiachia wavuti kwa umma bure. Watu wakahama. Na mwaka huo wataalamu wa haipateksti walipokutana tena Marekani, meza za maonyesho zilikuwa zimejaa mambo ya wavuti.

Bei yenyewe si ndogo. Taasisi ya Pew ilichunguza na kukuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo 2013 hazikufunguka tena miaka kumi baadaye. Hata ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti uliwahi kutoweka kwenye anwani yake, CERN ikaja kuurudisha 2013. Toleo lake la mwanzo kabisa halikutunzwa. Wakati ule, watu wa CERN wenyewe walikuwa wakiubadilisha tu kila walipopata jipya la kusema, kama unavyofuta ubao. Kama isingekuwa Internet Archive, maktaba inayotunza nakala za kurasa za wavuti, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, hasara ingekuwa kubwa zaidi.

Wapo waliofanikiwa kupata viungo vya pande mbili. Fungueni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003: kila makala ina mahali pa kuona kurasa nyingine zote za humo zinazoielekea. Ina pia viungo vyekundu, vinavyokwenda kwenye makala ambayo hakuna bado aliyeiandika, na mimi hivyo navipenda kuliko vya buluu. Mnaona lakini kwa nini imewezekana? Nyumba ni moja, daftari ni moja. Facebook nayo hukujulisha ukitajwa, kwa sababu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba daftari la Wikipedia kila mtu anaweza kulikagua.

Na huku kwetu wengi tunaishi ndani ya nyumba za namna hiyo. Bando linanunuliwa kwa ajili ya WhatsApp, habari inafika kama picha ya skrini au PDF iliyotumwa mara nyingi, bila anwani, bila jina la aliyeandika. Hapo kiungo hakikukatika. Hakikuwapo tangu mwanzo.

Kuhusu yajayo, baadhi ya ndoto za zamani zinarudi kwa ukubwa wa kupimika. Tangu 2020 kivinjari cha Chrome kinakuwezesha kuunganisha na sentensi moja ndani ya ukurasa wa mtu: baada ya alama ya reli (#) kwenye anwani yanafuata maneno yenyewe, na msomaji akifika anayakuta yamepakwa rangi. Huhitaji ruhusa ya mwenye ukurasa. Na Webmention, kanuni iliyopitishwa mwaka 2017 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inaiwezesha tovuti moja kuijulisha nyingine kwamba imeunganishwa, bila daftari la katikati. Wanaoitumia ni wachache, ila imethibitisha kwamba jambo linawezekana.

Linalonitia shaka ni akili mnemba. Unauliza, unajibiwa kwa aya tatu safi. Zimetoka kwenye kurasa za watu, lakini njia ya kuzirudia mara nyingi haipo, na inapokuwapo wachache huibofya. Mimi 404 naivumilia, maana angalau inaniambia palikuwa na kitu. Jibu lisilo na kiungo halikuambii hata hilo.

Desemba 2023 gazeti la The New York Times liliishtaki OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, pamoja na Microsoft, likidai makala zake zimetumika bila idhini wala malipo. Ukiondoa lugha ya mawakili, ni dai la Nelson la miaka ya sitini: nukuu ionyeshe ilikotoka, mwenyewe alipwe. Limerudi kupitia mahakamani. Gazeti lile lina uwezo wa kuajiri mawakili. Aliyeandika makala ya Kiswahili kuhusu kilimo cha mwani, ikasomwa na watu mia tatu kisha ikamezwa na mashine, atamshtaki nani, na kwa ushahidi gani? Hilo ndilo ningependa tuanze nalo kwenye maswali.