Pima Maji Kwanza: Kurambaza Trauti Bwawani Baridi Inapoingia

Asante, mwenyekiti. Wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni, habari za jioni. Walionisikia siku zilizopita wanajua ninakoelekea, na naona wawili watatu wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Nitalisema jambo hili mpaka siku nitakayopigiwa simu na mtu aliye bwawani, na neno lake la kwanza lisiwe "mzee, nifunge kijiko cha rangi gani?"

Rangi ya kijiko, kile chambo cha chuma kinachong'aa majini! Mtu ameacha kitanda saa kumi za usiku, ameipanda baridi ya Kinangop, amelipia leseni, ameshusha mashua majini, na cha kwanza kinachomjia kichwani ni rangi. Trauti, samaki wa maji baridi, hana habari na kijiko kinachopita mita nane juu yake. Hata akikiona, kukifuata ni kuingia kwenye maji yanayomkosesha pumzi, na hilo hafanyi.

Swali la kwanza ni hili: maji yana nyuzi ngapi za joto, na ni kwa kina gani? Ukinijibu hilo nitakuambia samaki amekaa wapi. Ukishajua alipo, chambo chochote kinachong'aa na kuchezacheza kitafanya kazi. Usipojua alipo, hata ukinunua duka zima utarudi na maji ya chupa uliyoenda nayo.

Mada niliyopewa ni kurambaza trauti wa upinde wa mvua kwenye mabwawa wakati wa vuli ya nchi za baridi, yaani Septemba hadi Novemba. Kurambaza kwenyewe sitakueleza. Waliokulia Malindi na Shimoni wamewaona baba zao wakikokota mishipi nyuma ya mashua wakitafuta nguru na jodari. Bwawani kazi ni ile ile, ila mwendo ni mwingine. Trauti anataka kilomita mbili hadi nne kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Ukienda kwa mwendo wa kumkimbiza nguru, kijiko kinazunguka ovyo, kinapanda juu na kuusokota mshipi. Hayo yanatosha. Turudi kwenye maji.

Kila mmoja hapa amewahi kumimina birika la maji moto kwenye beseni la kuogea lenye maji baridi. Ukitia mkono kabla ya kukoroga, juu panaunguza na chini pamepoa. Bwawa la kina kirefu liko hivyo hivyo miezi ya jua. Maji ya juu hupata joto, huwa mepesi, na hukaa juu ya yale ya baridi. Katikati kuna mkanda mwembamba ambapo, ukishusha kipimajoto, utaona kinaanguka nyuzi tano au sita ndani ya mita chache. Juu ya mkanda huo kuna oksijeni lakini maji ni vuguvugu. Chini yake ni baridi safi, lakini maji hayo hayajakutana na upepo kwa miezi, na kila jani na kila mwani unaozama unaozea huko na kuila oksijeni iliyokuwapo. Trauti hupenda nyuzi 10 hadi 16. Zikipita 20 anateseka, na zikikaribia 25 anakufa. Kwa hiyo mwezi wa Agosti, huko Marekani na Ulaya, amebanwa katikati: juu joto, chini hakuna pumzi. Ndiyo maana wavuvi wa huko wakati huo hutumia winchi yenye tufe la risasi la kilo nne au tano kushusha chambo mpaka kwenye mkanda wenyewe. Wako sahihi. Agosti.

Kisha vuli inaingia. Usiku unarefuka, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito na kuzama, na upepo unakoroga. Mkanda unasukumwa chini, wiki baada ya wiki, mpaka unavunjika kabisa, na unapopima unakuta nyuzi 12 juu na nyuzi 12 chini. Wenyewe wanasema bwawa limegeuka. Siku zile za kugeuka ni mbaya: maji ya chini yanapanda na uchafu wake na harufu ya mayai viza, na samaki wanafunga vinywa. Kaa nyumbani, tengeneza vifaa. Lakini yakishatulia, oksijeni iko kila mahali na joto linalomfaa liko kila mahali. Trauti hana tena kinachomzuia. Anapanda, anasogea karibu na ukingo, kwenye mita moja hadi tano, na anakula kwa bidii kwa sababu majira ya barafu yanakuja na chakula kitapungua.

Sasa kisa. Wengine mmeshakisikia, vumilieni, kwa sababu kuna wageni leo.

Mpakani mwa Wyoming na Utah, kwenye mto Green, kuna bwawa linaloitwa Flaming Gorge. Ukuta wake ulimalizika mwaka 1964 na ziwa lake linaenda kilomita zaidi ya 140. Nilifika huko mwezi wa Oktoba nikiwa mgeni wa bwana mmoja kijana, mkarimu sana, mwenye mashua ambayo hapa Nairobi ingeuzwa kwa bei ya nyumba. Skrini mbili za kutafutia samaki, winchi mbili za umeme, sanduku la vyambo ambalo mtu mmoja halibebi. Akashusha matufe yake mita 18 na tukaanza kukokota katikati ya ziwa. Asubuhi nzima. Kila nusu saa anabadilisha kijiko: cha fedha, cha shaba, chenye madoa mekundu, cha kijani. Nikamuuliza kwa nini mita 18. Akanijibu kwamba hapo ndipo alipowapata mwezi wa Agosti.

Huku ng'ambo, karibu na ukingo ambao upepo ulikuwa unaupiga, mzee mmoja alikuwa na mashua ya bati na fimbo mbili za kuvulia. Hana winchi. Hana hata chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi. Ameacha mishipi mirefu nyuma yake, mita arobaini au hamsini, na anaenda kwa kuyumba, kushoto, kulia, kama nyoka. Kila tulipogeuza macho, fimbo yake moja ilikuwa imepinda. Alikuwa anawatoa na kuwarudisha. Mchana, ufukweni, nilimsalimia na kumwuliza anatumia chambo gani. Hakujibu swali. Alitoa chupa chini ya kiti chake.

Hii hapa, nimeitengeneza mfano wake. Itazameni vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonileta leo. Ni chupa ya soda ya kioo, ile ya zamani. Chini nimefunga chubwi ili izame. Ndani kuna kipimajoto cha kawaida kilichofungwa kwa uzi kisigongegonge. Mdomoni kuna kizibo, na kizibo kina kamba yake peke yake. Kamba kubwa ya chupa ina fundo kila mita, na kila mita tano nimefunga uzi mwekundu. Unaishusha ikiwa imezibwa. Ikifika kina unachotaka, unavuta kwa ghafla ile kamba ndogo, kizibo kinatoka, unaona mapovu yanapanda. Subiri dakika mbili hadi tatu. Kisha ipandishe haraka usome kipimajoto kikiwa bado ndani ya maji yaliyoingia huko chini. Anza mita moja, nenda tatu, tano, nane, kumi, kumi na tano. Andika kila namba. Dakika thelathini hazifiki, na hapo umelijua bwawa kuliko mwenye skrini mbili. Ipitisheni safu kwa safu, taratibu, ni kioo.

Yule mzee alikuwa na namba zake kwenye kijidaftari kilicholowa. Nyuzi 11 juu, nyuzi 11 mita kumi na tano. Bwawa lilikuwa limeshageuka. Mwenyeji wangu alikuwa anamtafuta samaki wa Agosti ndani ya maji ya Oktoba.

Na msidhani haya ni mambo ya wazee wenye chupa. Bwawa hilo hilo la Flaming Gorge, mwaka 1978 wahandisi walilazimika kuwekea milango ya kuchotea maji kwa vina tofauti, kwa sababu maji waliyokuwa wakiyatoa kutoka chini yalikuwa baridi mno kwa trauti walio mtoni upande wa chini wa ukuta. Serikali ilitumia fedha na vyuma kwa ajili ya nyuzi chache za joto. Wewe unashindwa kutumia chupa.

Najua swali linalokuja, naliona usoni kwa yule kijana wa koti la bluu. "Mzee, sisi hapa Kenya hatuna vuli ya kupukutisha majani, haya yanatuhusu nini?" Yanakuhusu sana, na ndipo watu wetu wanapopotea. Wanadhani kwa kuwa tuko Ikweta maji yetu ni sawa kila siku. Sikiliza. Maji huwa mazito zaidi kwenye nyuzi 4. Karibu na hapo, uzi mmoja wa tofauti haubadilishi uzito karibu chochote. Lakini maji yakiwa na nyuzi 24, tofauti ya uzi mmoja inabadilisha uzito mara thelathini hivi zaidi. Maana yake ni kwamba kwenye nchi ya joto haihitajiki tofauti kubwa ili bwawa lijigawe matabaka. Nyuzi mbili tatu zinatosha kuyatenga maji ya juu na ya chini. Kwa hiyo sisi tunahitaji chupa hii kuliko wao! Wao wana majani yanayowaambia wakati umefika. Sisi hatuna ishara hiyo, tuna kipimajoto.

Na kugeuka kwetu kupo. Ni Juni hadi Agosti, baridi ya gathano, kama Wakikuyu wanavyoyaita majira hayo, mawingu yanalala juu ya Nyandarua wiki nzima, jua halionekani, usiku baridi ya nyanda za juu inauma. Maji ya juu yanapoa na kuzama vile vile. Anayetaka kufanya ninayoyasema leo asingoje Oktoba kwa sababu amesoma Oktoba. Oktoba kwetu jua limerudi na mvua ziko njiani kuchafua mito. Vuli ya trauti wetu ni Julai.

Historia naipita, mnaijua: trauti wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 wakatiwa mto Gura, na hawa wa upinde wa mvua wakafuata miaka michache baadaye. Wamebaki kule juu kwenye Chania, Thika, Gura na mito ya Mlima Kenya kwa sababu ile ile niliyoanza nayo. Joto. Huwezi kumfuga Nairobi Dam, hata kama magugu maji yangeondolewa kesho. Maji yake ni ya joto mno, basi.

Maji mnayokunywa hapa mjini yanatoka kwenye nyumba ya samaki huyu. Bwawa la Ndakaini, kule Gatanga, lilimalizika mwaka 1994, linabeba mita za ujazo milioni 70, na linalishwa na mito inayoteremka kutoka msitu wa Nyandarua. Sasumua ni la zamani zaidi, liko Kinangop. Ni mabwawa ya maji ya kunywa, kwa hiyo usiende kushusha mashua yenye injini kama uwanja wa baba yako. Leseni ni jambo moja, ruhusa ya wanaosimamia bwawa ni jambo jingine, na unahitaji zote mbili. Kupima kwa chupa, hata hivyo, unaweza kujifunza kwenye bwawa la shamba la mtu unayemjua. Na lazima mjifunze, maana msitu ukikatwa kule juu, kivuli kinaondoka mtoni, maji yanapanda nyuzi mbili tatu, na trauti anakwisha kabla mtu wa Nairobi hajajua kuna kitu kimebadilika.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka haraka.

Kona. Ukikokota kwa kuyumba, chambo cha upande wa nje wa kona kinaongeza mwendo na kupanda. Cha ndani kinapunguza na kushuka. Samaki akila kila mara upande wa ndani, punguza mwendo wa mashua. Akila upande wa nje, ongeza. Samaki anakufundisha bure.

Mshipi wenye risasi ndani: hubadilisha rangi kila mita tisa hivi, kwa hiyo unahesabu rangi na kujua umetoa kiasi gani. Baada ya bwawa kugeuka hutauhitaji sana. Nilitaka kueleza mabamba yanayopeleka mshipi pembeni mwa mashua, tutayaacha.

Kumrudisha: lowesha mikono kabla ya kumshika, bana vijino vya ndoano kwa koleo kabla ya kuanza kuvua, usimweke juu ya bati la mashua. Maji yakiwa baridi atapona. Yakiwa karibu nyuzi 20, uliyemchosha na kumwachia mara nyingi anakwenda kufia chini usikomwona. Siku hiyo acha kuvua, hata kama umetoka mbali.

La mwisho ni jaketi la kuelea. Maji ya nyuzi 12 yanakaza misuli ya mtu mzima anayejua kuogelea kabla hajaufikia ukingo. Unalivaa ukiwa bado nchi kavu, unalifunga, na unarudi nalo mpaka nchi kavu. Asiyelivaa hapandi mashua ninayoiongoza mimi, awe mzee wa mji au mtoto wa shule. Karibuni maswali.